Kingavirusi Inaposumbua: Dalili, Sababu na Tiba kwa Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta nyingi za nyumbani zinazopelekwa kwa fundi kwa maelezo kwamba "zimeingia virusi" hukutwa hazina kirusi hata kimoja. Zina kingavirusi mbili zinazogombania lango moja, au zina moja iliyokwisha leseni siku nyingi, au hazina kabisa kwa kuwa mtu aliizima ili asakinishe programu iliyochakachuliwa, kisha akasahau kuiwasha. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unaanza kumchunguza mlinzi kabla ya kumsaka mwizi. Unahusu kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11, na umepangwa kwa dalili: chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, na hatua nyepesi zimewekwa kabla ya zile nzito.

Kwanza, jua nani analinda

Bonyeza kitufe cha Windows, andika "Windows Security", fungua, kisha ingia kwenye alama ya mipangilio iliyo chini kushoto na uchague "Manage providers". Hapo utaona orodha ya kingavirusi zote ambazo Windows inazitambua na hali ya kila moja. Microsoft Defender huja ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo. Ukisakinisha kingavirusi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka kando yenyewe, na ukiiondoa hiyo ya pili, Defender hurudi kazini. Utaratibu huu mdogo unaeleza nusu ya matatizo yanayofuata, kwa hiyo andika unachokiona kwenye orodha hiyo kabla ya kugusa chochote.

Jambo la pili la kuandaa ni ufunguo wa BitLocker, yaani mfumo wa Windows wa kusimba diski ili mtu mwingine asiisome. Laptopu nyingi mpya zenye Windows 11 husimbwa diski yake bila mwenyewe kujua, na baadhi ya hatua za kusafisha kompyuta, kama vile kuwasha mashine katika hali salama, zinaweza kuifanya iulize ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine, na hupatikana kwa kufungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu. Uandike kwenye karatasi kabla ya kuanza. Nimeona watu waliosafisha kirusi wakafanikiwa, kisha wakafungiwa nje ya kompyuta yao wenyewe.

Dalili: Kompyuta imekuwa nzito tangu kingavirusi iwekwe

Sababu ya kwanza ni kuwa na kingavirusi mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila moja hutaka kusoma faili kabla halijafunguliwa, na kila moja huitilia shaka tabia ya mwenzake ya kuchungulia kila kitu. Ukiona majina mawili ya kampuni za nje kwenye orodha ya "Manage providers", chagua moja ubaki nayo. Ondoa nyingine kupitia mipangilio ya programu za Windows, kisha uwashe kompyuta upya. Ikiwa bado inajitokeza, au ikigoma kuondoka, pakua kifaa cha kuondolea kutoka tovuti ya kampuni yenyewe: Avast wana Avast Clear, na ESET, Kaspersky, McAfee na Norton nao wana vifaa vya namna hiyo. Usifute folda ya kingavirusi kwa mkono, kwa sababu madereva yake ("drivers", programu ndogo za ndani) yamejikita ndani ya mfumo na mabaki yake yanaweza kuizuia Windows isiwake.

Sababu ya pili ni ukaguzi kamili unaoangukia saa za kazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, dirisha lenye orodha ya programu zinazofanya kazi, kisha panga orodha hiyo kwa matumizi ya diski. Ukikuta "Antimalware Service Executable" juu kabisa, huyo ni Defender mwenyewe, wala si kirusi kama watu wengi wanavyohofu. Mwache amalize mara moja akiwa peke yake, usiku kompyuta ikiwa kwenye chaji, na siku zinazofuata utaona tofauti, kwa kuwa kingavirusi za sasa hukumbuka faili zilizokwisha kukaguliwa na ambazo hazijabadilika.

Sababu ya tatu si ya programu. Mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka italemewa na kingavirusi yoyote, hata iwe nyepesi kiasi gani. Fedha ya leseni ya mwaka mmoja ni heri uiweke akiba ya kununua SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka.

Hapa kuna mahali pa kusimama. Ikiwa diski inatoa sauti ya kugonga, au folda moja huchukua dakika kadhaa kufunguka, usiendeshe ukaguzi kamili. Ukaguzi huo hulisoma kila faili moja baada ya jingine, na kwa diski inayokufa hiyo ndiyo kazi ya mwisho itakayoimaliza. Nakili picha na nyaraka zako muhimu kwanza, zima mashine, kisha mpelekee fundi.

Dalili: Alama nyekundu au ujumbe kwamba leseni imeisha

Mara nyingi hii ni kingavirusi ya majaribio iliyokuja na laptopu kutoka dukani. Muda wake ukiisha huendelea kukaa kwenye mashine ikidai malipo, huku ikiwa haipokei tena orodha ya virusi vipya. Mwenye kompyuta huiona alama yake pembeni ya skrini akadhani analindwa. Njia rahisi ni kuiondoa kabisa, kuwasha upya, kisha kuhakikisha kwamba Defender amerudi na anaonyesha alama ya kijani.

Sababu inayofuata ni leseni yenyewe. Namba iliyonunuliwa kwa ajili ya kifaa kimoja haitakubali kifaa cha pili, na kuna kampuni zinazofunga namba kwa eneo la dunia, kiasi kwamba boksi ulilotumiwa na ndugu aliye ng'ambo linaweza kukataliwa hapa. Namba za bei ya kutupa zinazouzwa kwenye makundi ya mitandao ya kijamii mara nyingi zimeshatumika kwa watu wengi. Hufanya kazi wiki mbili, kisha hufungiwa.

Je, kuna haja ya kununua? Kwa maoni yangu, nyumba yenye kompyuta moja au mbili za Windows zinazopokea masasisho inatosheka na Defender, ambaye kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akipata alama nzuri katika majaribio ya maabara huru kama AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck nchini Austria. Nunua pale unapohitaji kitu mahususi: udhibiti wa watoto unaovuka aina za vifaa, leseni moja ya kompyuta na simu za familia nzima, au huduma ya wateja ya kupigia. Soma matokeo ya maabara hizo kabla ya kusikiliza muuzaji, na uangalie pia nani anamiliki nini. Avast, AVG, Avira na Norton zote sasa zimo chini ya kampuni moja, Gen Digital, kwa hiyo anayehama Avast kwa hasira na kwenda AVG hajahama nyumba, amebadilisha chumba. Programu ya bure nayo ina gharama zake: mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake, ilhali watumiaji hao walikuwa wameahidiwa faragha.

Dalili: Masasisho hayaingii

Anza na bando. Kompyuta inayotumia intaneti ya simu inaweza kuwa imewekewa alama ya mtandao wa kulipia kwa kipimo, na katika hali hiyo Windows huahirisha upakuaji mwingi bila kukueleza. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, ingia kwenye mtandao unaoutumia, uzime chaguo la "Metered connection", sasisha, kisha uliwashe tena ikiwa bando ni dogo.

Kisha angalia tarehe. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili na seva za masasisho hukataliwa. Kwa kompyuta ya mezani inayosahau saa kila umeme unapokatika, tatizo ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ambayo kwa kawaida ni CR2032, na bei yake ni ndogo. Baada ya hapo kagua nafasi katika diski C. Ikiwa imebaki MB mia kadhaa tu, hakuna sasisho litakalokaa.

Sababu ya nne ni umri wa mfumo. Windows 7 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kingavirusi iliyosasishwa juu ya mfumo usiozibwa matundu ni kufuli jipya kwenye mlango uliooza. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita katika tundu ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake Machi mwaka huo huo, na walioathirika ni wale ambao hawakukiweka.

Sababu ya mwisho, na ndiyo ya kutia shaka zaidi, ni kirusi kinachozuia tovuti za kingavirusi pekee huku tovuti nyingine zote zikifunguka vizuri. Conficker, kilichoanza kuenea mwaka 2008, kilikuwa na tabia hiyo hiyo. Ukikutana na hali hii, tumia kompyuta nyingine iliyo safi kupakua kutoka tovuti ya Microsoft faili la masasisho ya Defender liitwalo mpam-fe.exe, lihamishe kwa flashi, liendeshe, kisha ufanye ukaguzi wa nje ya mfumo kama unavyoelezwa katika dalili ifuatayo.

Dalili: Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato

Hili ndilo lalamiko la kudumu katika nchi zetu, na chanzo chake hakijifichi. Flashi moja hutoka nyumbani kwenda steshenari kuchapisha fomu, hupita kwenye kompyuta ambayo siku hiyo imepokea flashi za watu arobaini, kisha hurudi nyumbani. Hadi mwaka 2011 virusi vya aina hii vilitegemea uwezo wa Windows wa kuendesha faili la flashi moja kwa moja mara tu inapochomekwa. Microsoft walipousambaza mwaka huo urekebishaji ulioziba mwanya huo hata kwenye Windows za zamani, watengeneza virusi walihamia kwenye hila nyingine: kuficha folda zako na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, ili wewe mwenyewe uwe ndiye unayekiendesha kirusi kwa kubofya.

Kwa hiyo faili zako kwa kawaida hazijafutwa, zimefichwa tu. Usiformati flashi, na usibofye njia hizo za mkato. Fungua "This PC", bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya bila kuifungua, kisha uchague kuikagua kwa kingavirusi. Ukaguzi ukiisha, andika "cmd" kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ufungue dirisha jeusi, na uandike amri hii, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Itachukua muda, na huenda ikakuandikia kwamba imekataliwa kuingia kwenye folda moja ya mfumo. Hilo ni la kawaida. Folda zako zikishaonekana, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina, nakili nyaraka, picha na video tu kwenda kwenye kompyuta. Faili zenye mwisho wa .lnk, .vbs, .js au .exe ambazo hukuziweka wewe ziache huko huko. Sasa ndipo unaweza kuiformati flashi.

Chomeka flashi nyingine iliyo tupu na safi. Ikiwa nayo inabadilika ndani ya dakika chache, basi ugonjwa umehamia kwenye kompyuta, na kusafisha flashi ni kuteka maji kwa pakacha. Rudi Windows Security, fungua "Virus & threat protection", kisha "Scan options", na uchague ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka upya, kisha itakagua kabla Windows haijaamka, wakati kirusi nacho bado kimelala. Kazi huchukua takriban dakika 15. Hakikisha laptopu iko kwenye chaji, hasa kama umeme wa mtaani kwenu hauaminiki. Baada ya hapo fungua tena dirisha la Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye sehemu ya programu zinazoanza pamoja na Windows, na uzime chochote chenye jina la herufi zisizo na maana au kinachoendeshwa na "wscript". Kikijirudisha baada ya ukaguzi mara mbili, simama, umwite fundi.

Ili usirudi pale pale, tuma fomu ya kuchapisha kwa barua pepe, au uwe na flashi moja ya steshenari peke yake ambayo haibebi kitu kingine.

Dalili: Maonyo ya virusi yanaruka kwenye kona ya skrini kila baada ya dakika

Soma maandishi madogo yaliyo chini ya onyo. Ukiona jina la kivinjari na anwani ya tovuti usiyoijua, hilo si onyo la kingavirusi, hata kama lina nembo ya kampuni maarufu. Ni taarifa ya tovuti ambayo siku moja, pengine ukitafuta mechi ya mpira ya bure, uliiruhusu kwa kubofya "Allow". Katika Chrome, ingia mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, kisha taarifa, na uondoe kila tovuti usiyoitambua. Maonyo yatakoma papo hapo, na hutahitaji kukagua kitu.

Ikiwa ukurasa umejaa skrini nzima, unapiga king'ora na kutoa namba ya simu ya "Microsoft", usipige. Shikilia Esc kwa sekunde chache au bonyeza Alt na F4. Ikishindikana, funga kivinjari kupitia Ctrl, Shift na Esc, na kikifunguka tena ukatae kurejesha kurasa za mwanzo. Microsoft hawaweki namba za simu kwenye maonyo yao ya makosa.

Sababu isiyo ya kawaida sana ni kiendelezi ("extension") kibaya cha kivinjari, kiondoe. Na kama onyo linatoka kweli kwenye kingavirusi yako ya bure na maudhui yake ni "nunua toleo kamili", hayo ni matangazo tu.

Acha kila kitu mara moja ikiwa ulishapiga simu na ukamruhusu mtu kuingia kwa AnyDesk, TeamViewer au programu nyingine ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Kata intaneti, tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha nywila za barua pepe na benki, ijulishe benki yako na mtoa huduma wako wa fedha kwa simu, na usiitumie kompyuta hiyo kwa malipo hadi ikaguliwe na mtaalamu.

Dalili: Kingavirusi inafuta programu ninayoihitaji

Sababu ya kwanza haipendezi kusikika: programu imechakachuliwa, na kingavirusi iko sahihi. Maelekezo yanayoambatana na programu za namna hiyo karibu kila mara huanza na "zima antivairasi kwanza", na mtu anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani unajua anachotaka. Vipo pia vifaa vya kuamsha Windows na Office bila leseni ambavyo vyenyewe havina kirusi, lakini wewe huna namna ya kutofautisha nakala safi na ile iliyotiwa sumu. LibreOffice ni ya bure na halali, na hufungua nyaraka za Word na Excel.

Makosa ya kweli ya kingavirusi hutokea pia, hata kwa kampuni kubwa: tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee lililichukulia faili halali la Windows XP, svchost.exe, kuwa kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Ukiamini programu yako ni halali, ipakue upya kutoka kwa mtengenezaji, kisha uipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako hukaguliwa na makumi ya kingavirusi kwa pamoja. Ikiwa ni moja au mbili tu zisizojulikana sana zinazolalamika, huenda ni kosa. Ikiwa ni ishirini, achana nayo. Usipandishe huko nyaraka zako binafsi, kwa sababu faili zinazopandishwa hugawiwa kwa kampuni za usalama. Kurejesha faili kutoka karantini, yaani mahali Defender anapozifungia faili anazozishuku, hufanyika kwenye "Protection history" ndani ya Windows Security.

Dalili: Kinga inakataa kuwashwa

Vitufe vimefifia, na kuna maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na msimamizi. Kompyuta ikiwa ni ya kazini au ya chuo, iache hivyo, inasimamiwa kweli. Ikiwa ni yako, mtuhumiwa wa kwanza ni mabaki ya kingavirusi ya zamani, wa pili ni kifaa cha uchakachuaji kilichomzima Defender kwa makusudi, na wa tatu ni kirusi. Ondoa mabaki, fanya ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, kisha fungua cmd kama msimamizi na uendeshe "sfc /scannow". Ikishindikana, tiba ya uhakika ni kusakinisha Windows upya kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa kifaa rasmi cha Microsoft, baada ya kunakili nyaraka zako. Ambaye hajawahi kufanya hivyo asijifunzie kwenye kompyuta yenye picha pekee za harusi.

Dalili: Faili hazifunguki na majina yake yamebadilika

Hapa usijaribu hatua kwa hatua. Ukiona picha zako zote zimeongezewa mwisho wa herufi ngeni na kila folda ina faili la maelezo linalodai malipo, mara nyingi likiitwa _readme.txt, kata Wi-Fi na uchomoe flashi na diski zote za nje sasa hivi, kwa sababu usimbaji unaweza kuwa bado unaendelea.

Kingavirusi itakiondoa kirusi, lakini haitazifungua faili. Hizo ni kazi mbili tofauti. Kwa kutumia kifaa kingine, fungua nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, ambako unaweza kupakia faili moja lililofungwa na lile la maelezo ili ujue kama ufunguo wa aina hiyo umeshapatikana. Kulipa hakukuhakikishii chochote. Mpelekee fundi mashine, lakini umwambie kwa maandishi asiiformati diski kabla ya kunakili faili zilizofungwa pamoja na lile la maelezo, kwa kuwa funguo za baadhi ya virusi hivi zimewahi kupatikana muda mrefu baada ya shambulio. Na kwa vile virusi vya familia hii mara nyingi huambatana na mwizi wa nywila aliyetangulia kufanya kazi yake kimya kimya, badilisha nywila zako zote siku hiyo hiyo kwa simu, ukianza na ya barua pepe.